Vichwa vya Fundi Baridi

Barua ilikuwa na kurasa mbili, na Kimya aliisoma kwa siku mbili, kila siku ukurasa mmoja. Si kwamba kusoma kulimshinda. Alikuwa mtu wa kusoma neno mpaka liishe, kisha kurudi nyuma kuhakikisha kwamba halijabadilika. Na jambo moja halikubadilika hata aliposoma mara ya nne: ofisi ya viza ilikuwa haijaridhika kwamba ndoa yake ni ya kweli. Alipewa siku kumi na nne alete ushahidi zaidi. Asipoleta, ombi lake litafungwa, na mumewe, ambaye mkataba wake wa kazi ulikuwa umeongezwa miaka mitatu mingine, ataendelea kuishi huko aliko peke yake.

"Wanasemaje?" mama mkwe aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Wanasema hawaamini kama nimeolewa."

Cherehani ikasimama. Mama mkwe aliitwa Mama Mkasi na mtaa mzima, kwa sababu mkasi wake wa meno, ule unaokata kitambaa kwa mchongomchongo ili kisifumuke nyuzi, ulining'inia shingoni mwake kwa kamba tangu asubuhi mpaka alale.

"Hawaamini?" akasema. "Miaka sita nakula chumvi unayozidisha wewe, halafu wao hawaamini? Waambie waje waonje."

"Wanataka picha, mama. Na meseji. Kitu cha kuonyesha kwamba mimi na yeye tunapendana."

"Basi tumekwisha," alisema Mama Mkasi, akarudi kwenye mshono wake. Baada ya muda mfupi akanyoosha mkono wenye sindano. Kimya akaipokea, akatunga uzi kwenye tundu lake, akairudisha. Macho ya Mama Mkasi yalikuwa bado yanaona shati lililopinda upande wa pili wa barabara, lakini tundu la sindano yalikuwa yameacha kuliona mwaka uliopita. Jambo hilo lilijulikana na wawili hao tu, na hawakuwahi kulizungumza.

Duka la fotokopi lilikuwa kona ya pili, na mwenyewe walimwita Katibu kwa sababu alijaza fomu za watu wote: za shule, za umeme, za kesi. Alikuwa na mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja yenye kibodi iliyofutika herufi, na sauti ya mtu anayetangaza treni. Kimya alipomkabidhi simu ili achapishe meseji, watu watano walikuwa wamepanga foleni nyuma yake.

"Umekula?" alisoma Katibu kwa sauti yake ile. "Nimekula. Umefunga gesi? Nimefunga. Lala salama." Akasukuma kidole kwenye kioo. "Hii ya Jumanne. Umekula? Nimekula. Umefunga gesi? Nimefunga. Lala salama." Akasukuma tena, na tena. "Shemeji, mbona nimefika mwezi wa nne bado mnakula tu?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Wengine wakaona wameruhusiwa.

"Hii ni ndoa au ulinzi wa jiko?" Katibu akaendelea, akifurahia kusikilizwa. "Mapenzi yako wapi hapa?"

"Yamo humohumo," alisema Kimya.

"Wapi? Nionyeshe."

"Si anauliza kila siku?"

Lakini alisema polepole kama ilivyo kawaida yake, na mama aliyeleta cheti chake kitiwe plastiki alikuwa anacheka kwa nguvu huku ameegemea mashine. Kimya akaangalia vigae vya sakafu. Kimoja kilikuwa na ufa mfano wa namba saba. Aliutazama ufa ule mpaka kicheko kikaisha, kisha akatoa albamu kwenye mfuko.

Katibu aliifungua. Akaifunga. Akaifungua tena, safari hii akiisogeza dirishani.

"Shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilishuka, "mumeo kichwa kiko wapi?"

Hapo ndipo ilipokuwa aibu yenyewe, ile iliyomfanya Kimya aandike "hatuna" kwenye sehemu ya picha alipotuma ombi mara ya kwanza. Picha zilikuwepo. Zilikuwa tano. Katika kila picha, Kimya alikuwa amesimama au amekaa kando ya mwanaume aliyevaa vizuri, mwenye mabega, tai na mikono, na juu ya tai palikuwa na tundu la mraba lenye kingo za meno.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji na majokofu, ndiyo maana akaitwa Fundi Baridi, na kazi ya aina hiyo haikai. Kila mwajiri mpya alitaka picha ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho, na kila mara aliitaka kesho yake saa mbili. Safari ya kwanza, umeme ulikuwa umekatika na studio imefungwa. Mama Mkasi akachukua picha ya harusi, akainua mkasi uliokuwa shingoni, akatoa kichwa cha mwanawe kama anavyokata kiraka. Kazi ikapatikana. Basi tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba. Picha ikipigwa, Mama Mkasi alitundika kwanza shuka la bluu nyuma ya watu, kwa sababu maofisi hupenda bluu. Hata harusini, kwa kuona mbali tu, alikuwa amelitundika na kumnong'oneza bwana harusi: "Usicheke. Macho mbele, masikio yote mawili yaonekane. Huwezi kujua itakuja kuombea kazi gani."

"Na za kwenye simu?" Katibu aliuliza.

"Simu ya zamani ilianguka kwenye beseni la kulowekea vitambaa, zikapotea."

Katibu akakuna kidevu. "Ukipeleka hizi, shemeji, watadhani umemuua."

Jioni Fundi Baridi akapiga simu ya video. Kama kawaida alikuwa ameiweka simu chali mezani huku akipasha chakula, na Kimya akazungumza na dari. Baada ya miaka miwili, dari ile alikuwa anaijua vizuri kuliko uso wa mumewe. Alijua hata doa lililo karibu na taa, kwamba mwaka huu limeongezeka.

"Katibu anasema meseji zetu hazina mapenzi," akaiambia dari.

"Hazina nini?"

"Mapenzi. Anasema uniandikie kitu."

Dari ikakoroga sufuria. "Sawa," ikasema.

Kesho yake asubuhi, Kimya akiwa anapiga pasi kola, meseji ikaingia. Aliisoma neno kwa neno. *Mke wangu mpendwa, habari za asubuhi. Napenda kukujulisha kwamba nakupenda sana. Upendo huo ulianza siku nyingi na unaendelea vizuri hadi sasa bila hitilafu yoyote. Tafadhali thibitisha kupokea ujumbe huu. Wako katika ndoa.* Chini yake alikuwa ameandika jina lake kamili na namba ya simu.

Kimya akacheka mpaka akachoma kola. Mama Mkasi akaomba asomewe, akasomewa mara mbili, akafuta machozi kwa kiraka.

"Nimezaa meneja," akasema.

Meseji ya pili ikaingia. *Umekula?*

Na Kimya, aliyekuwa bado anacheka, akaiweka pasi chini. Akaandika: *Nimekula.*

Siku ya tisa Katibu alikuja mwenyewe nyumbani, bahasha imebanwa kwapani. Alikuwa ameona huruma, pia alikuwa amejiona ana deni la kile kicheko cha foleni. Akaitandaza kazi yake juu ya meza ya kukatia vitambaa. Picha nne, zinang'aa. Katika moja Kimya na mumewe walikuwa ufukweni. Katika nyingine walikuwa wamekaa kwenye mgahawa wenye mishumaa. Mwili wa Kimya ulikuwa wake, ila mkono uliomshika begani ulikuwa wa mtu mwingine mwenye saa ya dhahabu, na kichwa cha Fundi Baridi, kilichotolewa kwenye simu ya video, kilikuwa kinatazama chini kama anayekagua sufuria.

"Mwanangu hana kichwa cha tikiti," alisema Mama Mkasi.

"Mama, ni kompyuta. Nimekipunguza mara tatu."

"Na hiyo saa kaiba wapi?"

"Mama, siku zimebaki tano," Katibu alisema, safari hii bila mzaha. "Mnazo picha nyingine?"

Walimpigia Fundi Baridi. Dari ikasema, kwa uchovu, "Peleka tu. Kila mtu anafanya hivyo. Mimi nimechoka kula peke yangu."

Kimya akavuta fomu karibu. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari wa sahihi, na juu yake maandishi madogo ambayo watu hawasomi. Yeye aliyasoma. Yalisema kwamba anathibitisha kila alicholeta ni cha kweli, na kwamba atakayeleta kitu cha kughushi hataruhusiwa kuomba tena kwa miaka kumi. Akarudi nyuma akasoma tena. Miaka kumi haikubadilika. Akashika kalamu. Akaiweka chini, akaishika, akaiweka tena.

Mama Mkasi alikuwa anamtazama. Tangu siku ile ya barua alikuwa akimtazama hivyo, na kuna kitu alikuwa amekikalia, tena kwa maana yake halisi, maana kopo la vifungo lilikuwa chini ya kiti chake. Mara mbili alikuwa ameliinua kulitoa, na mara mbili alikuwa amelirudisha. Mkwewe alipoishika kalamu mara ya tatu, akaanza kutafuta mahali pa kuweka sahihi, Mama Mkasi alisimama, akalibeba kopo, akalipindua juu ya ufukwe na mishumaa ya Katibu.

Vifungo vikamwagika vya kila rangi, vingine vikakimbilia uvunguni. Katikati ya vifungo palikuwa na kadi. Kitambulisho cha kiwanda cha barafu. Cha bucha. Cha hospitali, cha hoteli, cha chuo cha ufundi. Kila kazi ilipokwisha Fundi Baridi aliileta kadi nyumbani, na mama yake, ambaye hajawahi kutupa hata kifungo kilichovunjika, aliitia koponi. Kwenye kila kadi kulikuwa na kichwa cha mraba, hakicheki, masikio yote mawili yanaonekana, na kingo zake ni za meno.

Kimya akachukua kadi ya kiwanda cha barafu, akaiingiza chini ya picha ya harusi, akaisogeza taratibu mpaka kichwa kikafika kwenye tundu. Jino likaingia kwenye jino. Fundi Baridi akarudi kwenye harusi yake.

"Ngoja," alisema Katibu, akiinama. "Ngoja kwanza. Hiki hapa pembeni ni nini?"

Kwenye kona ya kichwa palikuwa na kipande chenye rangi ya dhahabu, kidogo kama ukucha. Kilikuwa ncha ya kilemba cha bibi harusi. Mama Mkasi alikuwa ameikata bila kukusudia, na kwenye picha kilemba cha Kimya kilikuwa kimepungukiwa ncha hiyohiyo. Muhuri wa kiwanda ulipita juu ya vyote, nusu kwenye kadi, nusu kwenye shavu la Fundi Baridi mpaka kwenye kilemba, na tarehe yake ilikuwa ya miaka sita iliyopita.

"Hii hata mimi siwezi kuighushi," alisema Katibu, na kwa mtu kama yeye yale yalikuwa maneno ya heshima sana.

Katibu alipoondoka na ufukwe wake, Kimya akapiga magoti kuokota vifungo.

"Ulijua tangu siku ya kwanza, mama."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Mama Mkasi akapangusa meza isiyokuwa na vumbi. "Ningesema, ungeenda," akasema. Kisha, kwa ukali, kama anayemgombeza mtu: "Sindano nani atanitungia? Wewe unafikiri mimi naona?"

Kimya akaendelea kuokota. Aliokota hata vile vya uvunguni, akavirudisha koponi kimoja kimoja.

Afisa wa viza alikuwa mwanamke mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na alikuwa na mafua. Alikuwa amepokea vitambulisho vitano na picha tano, akamwita Kimya aje aeleze. Kimya alikaa upande wa pili wa kioo, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti.

"Nani alikata?"

"Mama mkwe."

"Kwa hasira?"

"Hapana. Kwa ajili ya kazi."

Afisa akapitisha kadi chini ya picha, moja baada ya nyingine. Kwa kadi ya hospitali alikosea picha, meno yakakataa, akatafuta nyingine, yakakubali. Kimya akaona kwamba ameanza kuufurahia mchezo.

"Na kwa nini hacheki? Harusi yake mwenyewe?"

"Alikatazwa. Picha ilikuwa itumike."

Afisa akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua yalivyodai. Kisha akavuta rundo la meseji, akavua miwani ya puani, akashusha ya kichwani.

"Nimesoma zote. Kwa nini mumeo anauliza gesi kila siku?"

"Kuna siku ilibaki wazi, tukaamka vichwa vinauma."

"Nani aliiacha wazi?"

"Yeye. Alichemsha maji ya kunyolea akasahau. Halafu akanisingizia mimi kwa mama yake."

"Sisi tulimpigia simu jana," alisema afisa, akiangalia karatasi. "Tukamuuliza swali hilohilo. Amesema ni wewe uliyeiacha."

"Muongo!"

Neno lilitoka kabla Kimya hajalizuia. Kwenye dirisha la pili mtu akageuka. Mlinzi mlangoni akageuka. Kimya, ambaye mtaani kwao kuna watu hawajawahi kusikia sauti yake, alikuwa amesimama, mkoba umeanguka.

"Muongo, nakuapia! Mimi nilikuwa nimelala! Sufuria ilikuwa yake, wembe ulikuwa wake! Miaka minne naulizwa umefunga gesi, umefunga gesi, ili nisipate nafasi ya kumkumbusha! Mpigie tena. Mpigie sasa hivi, mwambie nipo hapa!"

Kisha akasikia ukimya wa chumba, akakumbuka yuko wapi. Akaketi. Akaokota mkoba. "Samahani," akasema, na machozi yakawa karibu, kwa sababu aliona safari yote, dari na doa lake, vinaondoka kwa sababu ya gesi.

Afisa alikuwa anaandika. Aliandika mistari mingi, akapiga nukta ya mwisho kwa nguvu.

"Mume wangu mimi, ni taa ya bafuni," alisema bila kuinua kichwa. "Nenda nyumbani. Utajibiwa."

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, na lilikuwa la mstari mmoja. Kimya aliusoma siku nzima.

Wiki ya mwisho Mama Mkasi alilalamika kwamba sindano zake zote zimepotea. Alimshuku Katibu, ambaye siku hizi alikuwa anapita kila mara kusalimia. Asubuhi ya safari akaikuta pochi ya nguo juu ya cherehani. Ndani yake palikuwa na sindano mia na kumi, kila moja imetungwa uzi, nyeupe mwanzoni, kisha nyeusi, kisha rangi zote za dukani, na mwisho kabisa uzi wa dhahabu ambao hakuna mteja aliyewahi kuuomba.

"Zikiisha?" aliuliza Mama Mkasi.

"Utanipigia."

"Nikupigie unionyeshe dari?" Akauinua mkasi shingoni, akautazama, akauacha uanguke kifuani. "Nenda. Chumvi kwa huyo mwanangu uipunguze."

Hakutoka nje kumsindikiza. Alisema ana suruali ya watu.

Chumba cha Fundi Baridi kilikuwa kidogo, na Kimya alipoingia kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama juu. Doa lilikuwepo. Akalisalimia kimoyomoyo. Kisha wakakaa kitandani, mkoba katikati yao, wakaanza kutoa vitu kimoja kimoja, kwa sababu hawakujua watoe nini kingine baada ya miaka miwili.

Chini kabisa, nyuma ya kitambulisho cha kiwanda cha barafu, Kimya akahisi kitu kingine. Akakivuta. Kilikuwa kipande cha picha cha mraba, kingo za meno. Mama Mkasi. Alikuwa amesimama nyuma ya maharusi siku ile, mbele ya shuka lake la bluu, na sasa alikuwa amejikata mwenyewe. Nyuma ya kipande, kwa chaki ya kuchorea vitambaa, iliyokuwa imeanza kufutika, aliandika: *Tundu ninalo mimi.*

Fundi Baridi akakichukua, akakisogeza karibu na taa.

"Mbona naye hajacheka?" akauliza.

"Alijua kitatumika."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa hiyo ile picha aliyobaki nayo kule nyumbani," akasema, "mimi sina kichwa, na yeye hana. Amebaki na nani?"

Kimya akaiona picha ile juu ya cherehani, na matundu mawili, na kati yake uso mmoja wenye kilemba kilichopungukiwa ncha.

"Amebaki na mimi," akasema.